Maisha ya Carl Akeley, Aliyezikwa Mlimani Mikeno

Mwaka jana, katika likizo ya muhula wa pili, nilifanya kazi ya upagazi kwenye lango la Ntebeko, chini ya mlima Sabinyo, si mbali na kwetu. Wasomaji wasioijua kazi hiyo nitawaeleza kwa ufupi. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kutazama wanyama na kupanda milima, na kila mgeni akipenda humwajiri mtu wa kumchukulia mfuko wake na kumshika mkono penye utelezi. Ujira wenyewe si mwingi, lakini kwa mwanafunzi anayetafuta pesa za madaftari na viatu ni msaada mkubwa.

Siku moja tuliondoka alfajiri kwenda kileleni. Tulikuwa na wageni wanne, askari wa hifadhi mwenye bunduki, na kiongozi wa safari, ambaye yeye mwenyewe ni mwanafunzi wa zamani wa shule yetu. Sabinyo una vilele vitatu, na njia yake ina ngazi za miti zilizofungwa kwenye majabali. Kilele cha tatu ndipo mahali zinapokutana Uganda, Rwanda na Kongo, hata mtu aweza kuzitembelea nchi zote tatu kwa hatua chache. Tulipofika, ukungu ukaondoka, tukaona milima ya upande wa magharibi imesimama safu moja: Bisoke, Karisimbi ulio mkubwa kuliko yote, na Mikeno wenye ncha.

Mgeni niliyekuwa namchukulia mfuko alikuwa mzee mwenye mvi, mtu wa Marekani. Alinyosha fimbo yake kuelekea Mikeno, akaniuliza kama kaburi la Akeley liko upande ule. Nikamjibu kwamba simjui mtu huyo. Mzee hakunicheka. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimpeleka katika jumba kubwa la makumbusho huko New York, naye akasimama mbele ya kioo kikubwa, akawaona gorila wamekaa katika majani, na nyuma yao mlima uliochorwa. Mlima huo ndio aliouona sasa kwa macho yake. Basi yeye aliujua mlima wa kwetu tangu utotoni, na mimi niliyezaliwa chini yake sikujua habari zake.

Niliona haya. Shule zilipofunguliwa nikamwendea mwalimu wetu wa biolojia, naye akanionyesha vitabu katika maktaba. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata humo.

Carl Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika shamba la wazazi wake huko Clarendon, katika jimbo la New York. Hawakuwa watu wenye mali, wala yeye hakusoma sana shuleni. Lakini tangu utoto alipenda kutazama ndege na wanyama wa porini, akajifundisha mwenyewe kazi ya kuhifadhi ngozi zao, ili ndege aliyekufa aonekane kama yu hai. Alipokuwa kijana alipata kazi mjini Rochester, katika karakana iliyotengeneza wanyama kwa ajili ya makumbusho.

Siku zile kazi hiyo ilifanywa vibaya sana. Mafundi waliichukua ngozi ya mnyama wakaijaza majani makavu na vumbi la mbao, kama mtu anayejaza godoro, hata mnyama akavimba na kupoteza umbo lake. Akeley hakuridhika. Mwaka 1885 tembo mashuhuri aliyeitwa Jumbo, aliyekuwa akionyeshwa mbele ya watu wengi, aligongwa na gari moshi huko Kanada akafa. Akeley alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kumtengeneza, naye umri wake ulikuwa miaka 21 tu. Katika kazi ile alijifunza jinsi ilivyo vigumu kumfanya mnyama mkubwa asimame kama alivyosimama zamani.

Baadaye alifanya kazi Milwaukee, kisha Chicago. Huko aliivumbua njia mpya. Kwanza alipima mifupa ya mnyama, akaijua kila misuli inavyokaa. Kisha akafinyanga mwili mzima kwa udongo, akatoa kalibu, na kwa kalibu ile akatengeneza umbo jepesi lililo imara. Mwisho ndipo ngozi ilipovikwa juu yake. Tena hakumweka mnyama peke yake juu ya ubao. Alimweka katika makao yake, pamoja na nyasi, mawe na miti, na nyuma yake pakachorwa picha ya nchi anamoishi. Kazi hiyo yataka ufundi wa mfinyanzi, daktari, mchoraji na mkulima kwa pamoja. Hata leo wanaoifanya hufuata njia yake.

Safari yake ya kwanza ya Afrika ilikuwa mwaka 1896, katika nchi ya Wasomali. Huko alikaribia kufa. Jioni moja, giza linaingia, alipiga risasi kichakani bila kuona vizuri kilichokuwamo. Kumbe alikuwa chui, naye akajeruhiwa tu. Chui akamrukia, bunduki ikaanguka, na meno yakaingia katika mkono wake wa kulia. Akeley hakuuvuta mkono. Aliusukuma ndani zaidi ya koo la chui ili asiweze kuuma vizuri, akamwangukia, akamgandamiza kifua kwa magoti mpaka mbavu zikavunjika. Chui akafa. Watu wengi humsifu kwa habari hiyo, lakini mimi naona tuangalie pia mwanzo wake: alipiga risasi bila kujua anachokipiga, naye alilipa kwa damu yake.

Alirudi Afrika mwaka 1905, safari hiyo Kenya, pamoja na mke wake Delia, aliyekuwa mwindaji hodari. Tembo waliowapata ndio wanaoonekana hata sasa katika jumba la makumbusho la Chicago, wawili wakipigana. Mwaka 1909 akaja tena, kwa ajili ya makumbusho ya New York. Mwaka ule Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa akiwinda Kenya, nao wakakutana katika nyanda za Uasin Gishu, wakawinda tembo pamoja.

Mwaka 1910, katika msitu wa Mlima Kenya, tembo dume alimtokea ghafula kwa nyuma. Bunduki ilikataa kulia. Tembo alipomchoma kwa pembe zake, Akeley alizishika pembe mbili kwa mikono, moja huku na moja huku, akajitupa chini katikati yake. Pembe zikazama ardhini, na nadhani zilikwama penye mzizi au jiwe, kwa maana hazikwenda mbali zaidi. Lakini mkonga ulimgandamiza kifua na kumpasua uso. Tembo akamwacha akawafukuza wengine. Watu wake walipomrudia walimwona kama maiti, wakamlaza pale katika baridi na mvua, wala hawakumgusa kwa saa nyingi. Habari zilipomfikia Delia kambini, alikata msitu kumfuata, akamkuta yu hai, akamwuguza.

Akeley alilala miezi kabla ya kupona. Na katika kulala huko alipata wazo kubwa la maisha yake. Aliwaza kwamba wanyama wa Afrika wanapungua upesi kwa bunduki na kwa mashamba, na kwamba siku yaweza kuja wasionekane tena. Akataka kujenga ukumbi mmoja mkubwa huko New York ambamo watu wasioweza kusafiri wataiona Afrika jinsi ilivyo: wanyama, mimea, hata rangi ya mbingu.

Hakuwa fundi wa ngozi tu. Ukuta wa jumba la Chicago ulipoharibika alibuni mashine ya kupuliza saruji kwa nguvu ya hewa, na mashine za namna hiyo hutumika mpaka leo katika kujenga mahandaki na kuimarisha kuta za miamba. Tena alichoka na kamera za sinema za siku zile, ambazo zilikuwa nzito na ngumu kugeuza, hata mnyama alikwisha kukimbia kabla mtu hajamlenga. Akatengeneza kamera yake mwenyewe, ya mviringo, iliyogeuka kwa wepesi upande wowote. Aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1915, na jeshi la Marekani likaitumia katika Vita Kuu ya Kwanza.

Sasa nafika katika sehemu inayotuhusu sisi wa milima hii.

Gorila wa milimani walikuwa hawajulikani kwa Wazungu mpaka mwaka 1902, ofisa Mjerumani aliyeitwa von Beringe alipowaua wawili juu ya Sabinyo, mlima ule ule niliopanda na wageni. Watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wamesoma hadithi nyingi za kuwaogopesha, kwamba gorila ni jitu kali linalomwinda mwanadamu. Mwaka 1921 Akeley alikuja Kongo kuwatafuta kwa ajili ya ukumbi wake. Alifuatana na rafiki zake, Bwana na Bibi Bradley, pamoja na binti yao wa miaka sita. Fikirini, wasomaji: mtoto wa miaka sita alipelekwa karibu na mnyama aliyesemekana kuwa mkali kuliko wote!

Walipiga kambi katika miteremko ya Mikeno na Karisimbi. Akeley hakumwona yule jitu wa hadithi. Aliona mnyama mkubwa mpole anayekula majani na machipukizi ya mianzi, anayepigapiga kifua ili kuwaonya wageni, kisha huondoka na jamaa yake asipofuatwa. Hata hivyo alikuwa amekuja kuua, naye aliua. Safari ile ilichukua gorila watano. Alieleza baadaye kwamba aliutazama uso wa mmoja wao ikawa vigumu asijione kama muuaji. Na juu ya gorila mdogo aliyechomwa mkuki na watu wa safari, aliandika kwamba uso wake ulikuwa na sura ya kusihi inayovunja moyo. Lakini alishika pia kamera. Akapata picha za sinema za gorila walio hai katika msitu wao, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake.

Watu hubishana juu ya mtu huyu, na ni haki wabishane. Je, aweza mtu kumpenda mnyama na kumwua? Akeley aliua wanyama wengi. Mimi sitaki kumpamba. Lakini naona kwamba watu wengi hujuta, na majuto yao huishia moyoni. Yeye alirudi nyumbani akafanya kazi ya majuto yake. Aliandika barua, aliwaendea wakubwa, alihutubia, akiomba kwamba milima ile mitatu, Mikeno, Karisimbi na Bisoke, iwe mahali pasipopigwa bunduki tena, na wataalamu wapate kuwachunguza gorila wakiwa hai. Siku zile Kongo ilitawaliwa na Ubelgiji. Mfalme Albert alikuwa amezitembelea hifadhi za Marekani mwaka 1919, naye alilipokea shauri hilo. Tarehe 21 Aprili 1925 ikatolewa amri ya kuanzisha hifadhi iliyoitwa kwa jina la mfalme. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika, na tangu mwaka 1969 huitwa Virunga.

Mwaka 1926 Akeley alikuja kwa mara ya tano na ya mwisho. Alikuwa na mke wake wa pili, Mary Jobe, na wachoraji waliokuja kuchora nchi yenyewe kwa ajili ya ukumbi. Walifanya kazi kwanza Kenya na Tanganyika, kisha wakapita Uganda kwenda Kongo. Alikuwa na miaka 62, na mwili wake, uliovunjwa na chui na tembo, ulikuwa umechoka. Alikuwa mgonjwa alipoanza kupanda, lakini hakukubali kungoja chini. Walipofika Kabara, katika uwanda ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, alizidiwa. Alifariki tarehe 17 Novemba 1926. Wakamzika pale pale, katika mahali alipopapenda kuliko pote duniani.

Mary Jobe hakurudi nyumbani kulia. Alibaki mlimani mpaka kazi ilipokwisha, majani yakakusanywa na michoro ikamalizika. Ukumbi ulifunguliwa New York mwaka 1936, miaka kumi baada ya kifo cha mume wake, nao ukaitwa kwa jina lake. Katikati wamesimama tembo wanane, na pande zote mna vioo 28. Katika kioo cha gorila, nchi iliyochorwa ni ile ya karibu na kaburi lake. Hicho ndicho kioo alichosimama mbele yake yule mzee niliyemchukulia mfuko.

Na kaburi lile halikuwa mwisho wa habari. Mwaka 1959 Bwana George Schaller alikaa Kabara kuwachunguza gorila bila bunduki. Mwaka 1967 Dian Fossey alianza kazi yake pale pale, kisha kwa ajili ya machafuko akahamia upande wa Rwanda, alikouawa mwaka 1985. Mapema katika miaka ya 1980 gorila wa milima ya Virunga walikuwa wamebaki 250 hivi. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilipata 604, na wakiunganishwa na wale wa Bwindi waliohesabiwa mwaka 2018, jumla ilikuwa 1,063. Ongezeko hilo lilikuwa na gharama. Katika hifadhi ya Virunga peke yake askari zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda. Na upande wetu, Batwa walioishi katika msitu tangu kale walitolewa humo mwaka 1991, hifadhi ilipofanywa. Jambo hilo nalo lazima liandikwe, kwa maana hifadhi iliyoombwa na wenye majuto ililipwa pia na watu ambao hawakuwa na kosa.

Nilimsimulia babu yangu habari hizi zote. Shamba lake la viazi limepakana na ule ukuta wa mawe unaozuia nyati wasishuke mashambani. Nyati hawaheshimu ukuta ule kila usiku, na babu amekesha mara nyingi na moto na debe la kupiga. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba huyo mtu alifanya vema, lakini yeye babu angependa kujua kama alipata kulima viazi. Tukacheka. Lakini baadaye aliniuliza gorila anafananaje, kwa kuwa katika miaka yake yote chini ya mlima hajapata kumwona hata mmoja.

Hapo sikuwa na jibu, kwa maana hata mimi sijamwona. Mara tatu nimewachukulia mifuko wageni wanaokwenda kutazama gorila. Sheria ni kwamba wageni wanane tu huruhusiwa kwenda karibu, kwa saa moja, bila chakula na bila mtu mwenye kikohozi, ili wasiwaambukize magonjwa. Wapagazi hubaki nyuma na mifuko na fimbo. Mara moja tulisikia kifua kikipigwa katika mianzi, karibu sana, kama ngoma ya mbao. Tulinyamaza wote. Kisha wageni wakarudi, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watu waliotoka kanisani. Nikachukua mfuko, tukashuka.

Sheria ile ni nzuri, siilaumu, wala siombi mpagazi avunje amri. Lakini tangu mwaka 1936 watoto wa New York wamekuwa wakiutazama mlima wetu na gorila wetu katika kioo, na sisi watoto wa chini ya mlima tumekuwa tukiwasikia tu. Akeley aliyajenga yale kwa ajili ya watu wasioweza kusafiri mbali. Sisi safari yetu ni ya saa chache kwa miguu, na kinachotuzuia ni ada ya kuingia.

Kwa hiyo naandika pia kuomba. Miongoni mwa wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili wako wafanyakazi wa serikali, walimu, wafanya biashara, na kiongozi yule wa safari niliyemtaja. Kama mkichanga kidogo kidogo, shule itaweza kuwapeleka wanafunzi wanne kila mwaka, waliotimiza umri unaotakiwa, wakawaone gorila, na wakirudi waandike katika kurasa hizi waliyoyaona. Mimi mwaka huu ni wa mwisho shuleni, na huenda zamu yangu isifike. Haidhuru. Nitafurahi nikisoma habari zao, nami nitamsomea babu.

Na mgeni mwingine akinyosha fimbo kuelekea Mikeno, akamwuliza mpagazi wake habari za kaburi lile, naomba mpagazi huyo awe mmoja wetu, na awe na jibu.